Lila na Supu Asiyowahi Kuionja

LONDON, Januari 1974. Saa tatu asubuhi ya Jumamosi, dirisha la jiko limeshajaa mvuke na barabara ya Tottenham haionekani tena. Lila Vithlani anakata bamia. Anazikata ndogo ndogo, kisha anapitisha kisu tena juu ya rundo mpaka linaanza kuteleza. Anachota kijiko, anakiinua, anautazama ute unavyoning'inia.

"Unavuta," anasema, na kucheka peke yake.

Anacheka kwa sababu miezi minane iliyopita ute huu nusura umkoseshe kazi. Siku yake ya kwanza, mwenye mgahawa, mama wa Kinaijeria anayeitwa Mama Ebun, alimwachia karai zima la bamia. Lila akafanya alivyofundishwa kwao: akazipangusa moja moja kwa kitambaa, akazikaanga mpaka zikakauka. Kwa Wahindi wa Kigujarati kama yeye, bamia yenye ute ni aibu ya mpishi. Kwa wateja wa Mama Ebun, supu ya bamia isiyovuta si supu.

"Alilitazama karai, akanitazama mimi," anakumbuka Lila. "Akaniuliza, 'Binti, hizi bamia zimekukosea nini?'"

Lila, mwenye umri wa miaka 41, alizaliwa Dodoma, ambako baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Yeye na mumewe, Kailash, walihamia London miaka mitatu iliyopita baada ya duka kufungwa. Wanaishi Kingsbury, watu sita katika vyumba viwili: wao, watoto watatu na mama mzazi wa Lila. Kailash anafunga maboksi kiwandani. Mshahara wa Lila, pauni kumi na nne kwa wiki, ndio unaolipa kodi ya nyumba.

Leo mshahara huo uko mashakani. Jumatatu Mama Ebun anakwenda Ibadan kumuuguza dada yake, na atakaa miezi mitatu. Asipompata wa kumwachia chungu, atafunga mgahawa. Lila anajua kila hatua ya supu ile, ila hajawahi kuitia mdomoni. Tangu azaliwe hajala nyama wala samaki, na supu hiyo imejaa vyote viwili.

"Mimi napika kwa pua," anasema.

Mama Ebun hataki kusikia. "Pua haijui chumvi," anasema. "Siwezi kumwachia chungu mtu asiyeonja."

Nyumbani nako Kailash ana lake. Mwacha mila ni mtumwa, humwambia mkewe kila anaporudi na harufu ya samaki mkavu kwenye koti. Lila humjibu kwamba mila hajaiacha, amepanda basi jingine tu.

Juzi ndipo alipopata wazo. Alimuuliza Mama Ebun kwa nini nyama na samaki visichemshwe peke yake, viungane na supu mwishoni, yeye akiwa ameshaonja. Mama Ebun alikunja uso, akasema tutaona. Ndiyo maana asubuhi hii kuna sufuria mpya jikoni, na ndani yake mawese, pilipili za kusaga, vitunguu na bamia tu.

Lila anadondoshea chembe za unga wa kijivu, nao unatoa povu. Wanaijeria wana jina lao. Yeye anaufahamu tangu utotoni.

"Magadi haya! Kwetu Dodoma ndiyo ya kupikia mlenda."

Supu imeiva. Mama Ebun anakuja na sahani ya fufu na kusimama kando yake, mikono kiunoni. Lila anamega tonge, analibonyeza kwa kidole gumba kama ugali, anachovya, anatia mdomoni na kuanza kutafuna.

"Usitafune!" anafoka Mama Ebun. "Meza!"

Anameza. Anafumba macho, na yakifumbuka yana machozi. Anasema si pilipili.

Alipokuwa na miaka saba, anasimulia, jirani yao wa Kigogo alimpa tonge la ugali lililochovywa kwenye mlenda, mboga ya majani inayovuta kama bamia. Kabla halijafika mdomoni, mama yake alitokea nyuma na kumvuta sikio mpaka nyumbani. Kwa miaka yote hii amekuwa akijiuliza lile tonge lilikuwa na ladha gani.

"Kumbe ndiyo hii," anasema. Kisha anameza la pili, taratibu. "Mama, chumvi imepungua."

Mama Ebun anaonja. Halafu anasukuma kopo la chumvi mbele yake.

"Tia mwenyewe. Chungu ni chako."

Mchana, supu iliyokwisha kutiwa nyama inaisha mapema. Njenga, Mkenya anayesomea uuguzi na asiyekosa Jumamosi hapa, anaomba sahani ya pili, hajui kabisa nani kapika.

Lila anavaa koti. Mkononi ana kopo dogo la supu isiyo na nyama, aliyoitenga kwa ajili ya mama yake. Kesho anataka kuketi naye, amege ugali, achovye mbele ya macho yake, kisha amkaribishe. Je, haogopi?

"Akitaka kunivuta sikio, na anivute," anasema Lila. "Safari hii nitakuwa nimeshameza."