Ua Lililookotwa Chini

Sikumpenda. Niliseme hilo mapema, maana tangu astaafu watu wamekuwa wepesi wa kumsifu, hata wale waliokuwa wakijificha chooni wakisikia viatu vyake kwenye korido. Tulimwita Mama Majani, na mwenyewe alijua. Nilifanya kazi chini yake miaka kumi na tisa, yeye akiwa mtaalamu wa mimea ya misitu, mimi nikiwa mbandikaji wa mimea mikavu kwenye karatasi za kumbukumbu.

Alizaliwa wa tano nyuma ya wavulana wanne. Aliporudi likizo ya kwanza ya chuo na kusema anasomea mimea, kaka yake mkubwa alimwambia, "Mbuzi nao wanasomea hiyo hiyo, ila wao hawahitaji cheti." Mume alimpata, wakakaa miaka sita, kisha bwana akafungasha akisema hawezi kuishi nyumba yenye friji iliyojaa mizizi na uvungu uliojaa magazeti. Mama Majani alitusimulia haya yote bila kucheka, jicho moja kwenye lenzi, akihesabu petali.

Chumba chetu kilikuwa na makabati ya chuma thelathini na mawili na harufu ya dawa ya nondo ambayo haitoki nguoni hata ufue mara tatu. Mmea ulitoka msituni umebanwa ndani ya gazeti. Ulikaushwa kwenye sanduku la balbu, ukagandishwa kwenye friza ili wadudu wafe, kisha ukawekwa kwenye rafu yake. Hapo ulikaa mpaka Mama Majani atie alama ya penseli kwenye pembe ya gazeti. Bila alama hiyo haubandikwi, hata ukae miaka kumi.

Ukali wake wote ulitokana na jambo moja. Msituni mti na mmea wa kutambaa husokotana, na maua yakidondoka hujui ni ya nani. Yeye aliyaokota, akayaweka gazeti moja na majani aliyoyashuku, akaandika kando kwamba hana hakika. Alama hakutia mpaka alione ua kwenye shina kwa macho yake. "Ua la chini halina mama," alikuwa akisema, na ole wako umjibu.

Kulikuwa na mmea mmoja wa kutambaa alioufuata miaka kumi na moja. Majani yake yalikuwa na pembe tatu, chini mekundu yenye manyoya, na hapakuwa na kitabu kilichoutaja. Ua lake hakuwahi kuliona. Alitaka aupe jina kabla ya kustaafu, na alilisema waziwazi. Hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kumsikia akimwomba Mungu.

Basi siku moja akanitia aibu. Wanafunzi kumi na wawili walikuwa wamesimama chumbani, naye akainua karatasi yangu juu kama nepi chafu.

"Gundi imetoka pembeni. Wewe unabandika mmea au unapaka mkate siagi?"

"Mama, ni milimita moja tu."

"Mende anafuata gundi, haulizi milimita. Bandua. Zote arobaini."

Wanafunzi walicheka. Nilibandua karatasi arobaini huku machozi yakinilenga, mtu mzima mwenye wajukuu. Nilimchukia siku ile, na sikutaka chuki hiyo initoke.

Wiki iliyofuata alikwenda msituni. Alivyoondoka tu, mkurugenzi akaingia. Huyu alikuwa mwanafunzi wake zamani, aliyefelishwa naye mara mbili, na sasa alikuwa bosi wake. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya Mama Majani, akachomoa gazeti la ule mmea.

"Dada, nibandikie hii leo."

"Haina alama yake, bosi."

"Alama ya nani? Hapa mkurugenzi ni nani?"

Nililifungua gazeti. Majani mekundu yalikuwemo, na pembeni maua makavu ya manjano. Kwenye pembe Mama Majani alikuwa ameandika kwa penseli, mwandiko wake ule wa kuchoma: *Maua ya chini. Sijayaona kwenye shina. Usibandike.*

Niliyasoma maneno yote. Kisha nikabandika, majani na maua pamoja, na naapa sijawahi kubandika vizuri kama siku ile. Gundi haikutoka hata kidogo. Gazeti nililificha kabatini kwangu chini ya aproni, nikijiambia siku mkurugenzi akinigeuka nitakuwa na ngao.

Mkurugenzi aliuchapisha kwenye jarida kwa jina lake mwenyewe. Mmea mpya, wenye maua ya manjano! Akaupa jina la mheshimiwa aliyemweka kwenye kiti.

Mama Majani aliporudi aliitazama ile karatasi muda mrefu.

"Gazeti lake liko wapi?"

"Lilitupwa, Mama."

Alinitazama, akatikisa kichwa, akarudi msituni na goti lake bovu. Safari tatu. Safari ya tatu aliliona ua kwenye shina, dogo, la kijani, baya kuliko maua yote niliyowahi kuyaona. Alitembea nalo chumbani amelikumbatia.

Lakini mwezi huohuo ilikuja barua ya mtaalamu wa nje. Majani ya mmea huu, aliandika, ni ya kitu kisichojulikana bado. Maua ni ya mti wa kawaida unaojulikana siku nyingi. Karatasi hii ni mimea miwili. Mkurugenzi hakutoka hata jasho. Alionyesha lebo: aliyekusanya ni yeye Mama Majani, namba ni yake. "Bibi amezeeka, anachanganya," alisema kwenye kikao, akiitisha kamati.

Zilikuwa zimebaki siku tisini astaafu. Kamati ikimkuta na hatia, basi karatasi zake elfu sita zote zingetiliwa shaka, na lile ua la kijani nani angeliamini? Wenzake waliokula naye meza moja walianza kukumbuka jinsi alivyokuwa akisahau miwani. Wanafiki wakubwa.

Sikuwa na huruma ya ghafla, msinitie sifa. Nilichoshindwa kukimeza ni mkurugenzi kumwita bibi, yeye aliyeiba kitu asichokielewa. Siku ya kamati nilitoa gazeti kwenye mkoba, nikaliweka mezani.

Mwenyekiti alilisoma. Kisha, badala ya kuniuliza, akachukua karatasi nyingine.

"Mama katika maelezo yake ameandika hivi: 'Mbandikaji asisumbuliwe. Bila shaka gazeti lilitolewa kabla halijamfikia. Kwa miaka kumi na tisa hajawahi kubandika kitu nilichokizuia, na kama angeona maandishi yangu asingebandika.'" Akaniangalia juu ya miwani. "Ulikuwa umeyasoma maneno haya kabla ya kubandika?"

Mkurugenzi alikuwa akitazama dari. Mama Majani alikuwa akinitazama mimi, ametulia kabisa, akingoja niseme hapana.

"Niliyasoma," nikasema.

Mkurugenzi alihamishiwa wizarani, ambako nasikia ana ofisi yenye zulia. Mimi nilipewa onyo kwa maandishi. Mama Majani alisafishwa, na mmea wake ukachapishwa upya na ua lake la kijani, kwa jina alilolitoa yeye, siku nne kabla hajakabidhi funguo. Hakunisemesha tena. Akinikuta kwenye korido alisimama kando nipite, kwa adabu, kama unavyompisha mgeni. Angenitukana ningepona.

Karatasi ya ule mmea haikuja mezani kwangu. Aliibandika mwenyewe, kwa vidole vyake vya kutetemeka, akaipanga kabati la kumi na saba. Juzi niliitoa kuikagua wadudu. Gundi imetoka pembeni, upande wote wa kushoto, karibu nusu sentimita. Kisu cha kukwangulia nilikuwa nacho mkononi. Niliirudisha kama ilivyo, nikafunga kabati, na tangu hapo naifungua kila Jumatatu nione kama mende wamefika.