Shangazi na Wiki Zetu Tano za Theluji

Mpango ulikuwa wa watu wawili, kaka yangu na mimi. Wiki tano Georgia, katika miji miwili ya milimani: wiki tatu za mwanzo kwenye mji wa chini, wenye miteremko ya wanaojifunza kuteleza kwenye theluji, kisha wiki mbili kwenye mji wa juu. Turudi Muscat siku nne kabla ya Ramadhani. Niliuandika mpango huo nyuma ya daftari langu la vipimo, na nikaurudia mara tatu ndipo ukasomeka. Mimi naandika polepole. Shule niliiachia darasa la sita, Unguja, tulipohamia huku. Kiarabu sikuwa nacho, na walitaka kunikalisha na watoto wa darasa la pili. Nikabaki nyumbani, na mama akaninunulia cherehani.

Kaka anafanya kazi ofisini Ruwi. Kwa miaka miwili hakugusa likizo yake. Wenzake walikwenda Salalah wakati wa mvua, yeye akabaki anahesabu siku. Jioni alikuja na simu yake, tukakaa sakafuni tukitazama picha za nyumba za kupanga kule milimani. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza. Yeye alisoma upesi, mimi nikamwomba arudie.

Jambo hili lilianzia Dubai. Kule kuna duka kubwa lenye mlima wa theluji ndani, na kaka alinipeleka mara ya kwanza kwa mzaha tu, anione ninavyoanguka. Mwalimu alikuwa mwanamke asiyejua lugha yoyote ninayoijua. Alinionyesha kwa mikono: kunja magoti hivi, elekeza ncha za mbao za kutelezea hivi. Uso wangu umefunikwa mpaka puani, na macho yamo ndani ya miwani mikubwa. Hakuna aliyeniuliza mtoto wa nani, wala kwa nini siolewi, wala kwa nini siongei. Mimi nikiingia kwenye chumba chenye wageni watano natafuta pazia la kusimama nyuma yake. Siku ile nilianguka tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na sikuona haya hata kidogo.

Tulirudi mara nne. Tatizo la mlima wa dukani ni kwamba unakwisha. Unaanza kushuka, unapata mwendo, na mara ukuta huu hapa. Nilitaka mlima wa kweli, na nilitaka siku nyingi, maana mimi kitu hakiniingii kwa wiki moja. Kaka alilijua hilo. Ndiyo maana alisema wiki tano.

Nilishona nguo zangu mwenyewe: suruali pana ya kitambaa kisichopitisha maji, na koti refu la kufika magotini, mama asiwe na la kusema. Mwenye duka la vitambaa Ruwi aliponiona nabeba pamba ya kujazia katika joto la mwezi wa nane, akaniuliza kama nashona magodoro. Nikatikisa kichwa. Akauliza kama ni mito. Nikalipa nikatoka.

Sasa, kwetu mtu hasafiri bila kuaga. Zikiwa zimebaki wiki saba, mama akanichukua mpaka Bawshar, nyumbani kwa shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba. Shangazi ni mjane, anaishi kwa mwanawe, katika nyumba kubwa ambayo mchana haina mtu. Tukaletewa tende na halwa, tukamiminiwa kahawa. Mama akaeleza safari yetu, na mwisho akasema, kama kila mtu anavyosema:

"Na weye karibu, wifi. Ufuatane nao."

Neno hilo halikwepeki. Unakula, mtu akipita unamwambia karibu. Unasafiri, anayebaki unamwambia karibu. Naye anajua la kujibu: ahsante, safari njema, mtuletee zawadi. Yanakwisha hapo.

Shangazi akaweka kikombe chini. "Lini?"

"Lini nini, wifi?"

"Hiyo safari. Nnauliza nipate kutengeneza pasi mpya. Yangu imekwisha."

Mama akacheka, akangoja na shangazi acheke. Shangazi hakucheka.

"Wiki tano," akasema. "Hivyo ndivyo. Hawa wengine wanakwenda siku saba, hujafungua begi unafunga begi. Mie nimechoka kutazamana na kiyoyozi."

Tulipotoka, mama alijizuia mpaka tulipofika kwenye mzunguko wa barabara. Hapo akajipiga paja. "Lahaula! Kakubali!"

"Mwambie ulikuwa unamkaribisha tu," nikasema.

"Nimwambie nini? Kwamba nimemkaribisha na simtaki?"



Baada ya hapo mpango ulianza kuliwa kipande kipande. Nyumba tuliyoichagua ilikuwa hatua chache kutoka kwenye viti vinavyopandisha watu mlimani, lakini ipo ghorofa ya tatu na ni ngazi tupu. Magoti ya shangazi hayapandi ngazi. Kaka akaifuta, akatafuta ya chini, akaipata upande wa pili wa mji. Kisha shangazi akasema nyama ya huko hajui imechinjwa na nani, kwa hiyo liwepo jiko, na tubebe samaki wa kukaushwa. Kisha mji wa juu ukaonekana una baridi mno kwa kifua chake, wiki zote tano ziwe mji wa chini. Nikakata mstari kwenye zile wiki mbili. Nilikata kwa kalamu ya bluu, na karatasi ikatoboka.

Lililobaki lilikuwa mimi. Siku moja baada ya magharibi tulikaa watatu sebuleni kwetu Wadi Kabir, mama, kaka na mimi. Mama akaanza.

"Huyu mtu mzima hawezi kuachwa peke yake nyumba ya kigeni. Lazima mtu akae naye."

"Mie siwezi kumsaidia kuingia msalani, mama," kaka akasema. "Mwanamme mie."

"Nani kakwambia weye?"

Wakanigeukia. Mama akauliza, "Utaweza, mwanangu?"

Nikasema, "Hakuna neno."

Nililisema kwa sababu ndilo linalosemwa. Mtoto aliyelelewa hawezi kumjibu mama yake sitaki mbele ya kaka yake. Anasema hakuna neno, kisha wakubwa wanamsemea: hasha, haiwezekani, safari ni yake huyu, tutafute njia nyingine. Nikangoja. Mama akasema, "Mwenyezi Mungu akubariki." Kaka akashusha pumzi, akarudi kwenye simu yake.

Nilikwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Usiku ule na siku zilizofuata nilikuwa na hasira ambayo sikuwa na pa kuiweka. Wiki tano ndani ya chumba, mlima uko dirishani, na mimi nachemsha tangawizi. Kaka alijaribu kunituliza: "Utapata asubuhi moja moja." Shangazi aliposikia, akasema asubuhi ndiyo magoti yake yanapogoma. Mara moja nilianza kumwandikia kaka ujumbe, nimwambie kwamba nikienda nakwenda kuteleza, na kama hapana bora nibaki. Nikaandika, nikafuta, nikaandika. Yeye yuko ofisini anaona kwenye simu yake kwamba naandika. Mwisho akanipigia.

"Dada, vipi? Unaandika khutba ya Ijumaa?"

"Nimebonyeza kwa bahati mbaya," nikasema.

Wakati huo shangazi alikuwa ameshawaambia watu wote. Harusini aliwaambia, hospitalini aliwaambia. Watu wakawa wananisimamisha kunipa hongera kwa kumtunza shangazi yangu. "Pepo hiyo," wakaniambia. Na mimi nikasema inshallah.

Alikuja kwetu siku moja baada ya alasiri, nimpime suruali na koti la baridi. Mama alikuwa jikoni. Shangazi akasimama kando ya cherehani, mkono mmoja kwenye meza, nami nikapitisha futi kiunoni.

"Usiandike hicho," akasema. "Andika kiuno cha mwaka jana."

Nikatabasamu.

"Hata kucheka unacheka kwa siri. Haya, huko tutazoeana. Utanisomea Yasini, utanichemshia chai, tutakaa dirishani tuwatazame wehu wanavyoanguka."

Nilikuwa nabana kitambaa cha mfano kwenye nyonga yake. Pini ikapita.

"Uwi! Unashona suruali au unanishona mie?"

"Nisamehe, shangazi."

Akageuka kujisugua, na hapo akaziona nguo zangu zimening'inia kwenye msumari: suruali, koti, na glavu nilizozitia pamba mara mbili vidoleni. Akalishika koti, akalipapasa kola, akapandisha zipu na kuishusha.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

"Umeitia na mkanda wa kukinga theluji isiingie kwa chini. Ya kukalia dirishani hii?"

Nikatia pini zilizobaki mdomoni. Alinitazama. Sijui aliona nini, maana mimi uso wangu siujui ukoje ninapokasirika. Akaliachia koti.

"Basi mie ntabaki," akasema. "Nyie vijana nendeni. Mie mtu mzima ntawazonga bure."

Akasimama pale ananingoja.

Nilijua la kusema. Mtoto wa miaka mitano wa kwetu analijua. Hasha, shangazi, hatuendi bila weye. Atasema hapana. Unamwambia tena, unamshika mkono. Atasema magoti. Mara ya tatu unaapa, naye anasema haya basi, kwa kuwa mmeshikilia. Nilikuwa na pini mdomoni. Nikazitoa moja moja, nikazichomeka kwenye mto wa pini mpaka zikaisha, na bado alikuwa ananingoja.

"Haya, shangazi," nikasema.

Midomo yake ikafunguka kidogo. "Haya," akarudia. Akajivua kile kitambaa mwenyewe, akakikunja, akakiweka juu ya meza. Akavaa abaya yake. Mama alipoingia na chai, shangazi alikuwa ameshampigia dereva.

Mama alinihoji mlango ulipofungwa.

"Kasema atabaki," nikamwambia.

"Na weye ukasema nini?"

"Nikasema haya."

"Mara moja?"

"Mara moja."

"Mara moja! Mtu mzima kajishusha mbele yako, na weye unampokea kama unapokea chenji dukani!"

"Na yeye alikukubalia mara moja," nikasema.

Mama akaiweka chai mezani. Nadhani hakuwa amewahi kunisikia nikimjibu. Kisha akasema taratibu, "Yeye mkubwa. Na alitaka kwenda. Hukuona kwamba alitaka?"

Niliona. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Niliona tangu siku ile ya kahawa, alipouliza lini, kwamba hakuna aliyemkaribisha mahali kwa miaka mingi. Lakini na mimi nilitaka, na hakuna aliyeniona.

Mama alikwenda Bawshar kesho yake kumbembeleza. Alirudi kabla ya adhana ya magharibi. Shangazi alikuwa amemwambia kwamba daktari kamkataza baridi, na hakutaka kusikia zaidi. Hakuna daktari aliyekwenda kwake wiki ile.

Kaka akaitafuta tena ile nyumba ya ghorofa ya tatu, akaipata. Zile wiki mbili za mji wa juu akazirudisha. Nikachukua daftari kuandika upya, nikakuta ule ukurasa umetoboka, nikafungua mwingine. Nilidhani nitafurahi. Nilikaa na kalamu mkononi nikiwa bado na hasira: na mama kwa kumkaribisha asiyemtaka, na shangazi kwa kuning'ang'ania, na mimi mwenyewe kwa lile hakuna neno, ambalo kama ningelimeza siku ile sebuleni, haya mengine yasingehitajika. Kaka hakunilaumu. Ila jioni mbili tatu hakuja na simu sakafuni, alipanga peke yake.

"Kitambaa cha shangazi umeshakikata?" mama akaniuliza.

"Nimeshakikata."

"Kimalize. Umpelekee mwenyewe."

Nilikishona kwa uangalifu kuliko changu. Kiuno nilikishona kwa kipimo cha kweli na nikatia mpira ndani. Ijumaa, baada ya sala, kaka akanipeleka Bawshar, akabaki garini. Nilikaa kidogo na mfuko mapajani.

"Shuka," akasema. "Hakuli."

Shangazi alikuwa peke yake. Mwanawe na familia walikuwa shambani Barka. Alinipa mkono nikaubusu, akapokea mfuko, akauweka kwenye kochi bila kuufungua.

"Umeshona lini?"

"Wiki hii."

"Ahsante. Mnaondoka lini?"

"Jumapili ya wiki ijayo."

"Mwenyezi Mungu awafikishe."

Chakula chake kilikuwa kimewekwa chini, pilau na kachumbari, sahani moja. Nilikuwa sijala tangu alfajiri, kwa wasiwasi wa safari hii ya dakika ishirini. Harufu ya bizari ilijaa chumbani. Shangazi akakaa, akakunja mkono wa kanzu yake.

"Karibu ule," akasema.

"Ahsante, shangazi, nimeshakula," nikasema, kama tunavyosema sote mara ya kwanza.

Nikabaki nimesimama.

"Haya," akasema, akasema bismillahi, akaanza kula. Nikatoka kutafuta viatu vyangu mlangoni.