Baba Aliyebaki Kwenye Benchi

Kitambaa cheupe kilichonyunyiziwa maji, kikipitiwa na pasi ya mkaa, hutoa harufu inayokaribia ile ya uji unaoanza kushika chini. Harufu hiyo ilijaa barazani kwetu Butimba msimu mzima wa mvua nilipokuwa darasa la nne, kwa sababu baba alikuwa fundi cherehani, na wasichana wengi wa parokia waliojiandaa kwa Komunyo ya Kwanza walishonewa magauni naye. Upepo wa ziwani ulipoanza kuvuma mchana, mama aliyaingiza yote ndani yasishike vumbi, nasi tukala ugali tumezungukwa na magauni yaliyoning'inia kama wageni waliokataa kukaa. Langu lilikuwa la mwisho. Mtoto wa fundi hushonewa wateja wakiisha, na mimi, niliyezaliwa na wasiwasi kama wengine wanavyozaliwa na alama shavuni, nilikuwa nimeshawaza kwamba halitakwisha, na kwamba likiisha nitalikanyaga na kuanguka mbele ya padri.

Lakini gauni halikuwa hofu yangu kubwa. Hofu yangu ilikuwa baba. Kila Jumapili alivaa shati lake la mikono mirefu, akaimba, akatoa sadaka, kisha watu waliposimama kwenda kupokea Ekaristi, yeye alisogeza magoti kuwapisha na kubaki kwenye benchi. Katekista wetu, mama mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alikuwa ametuambia kwamba siku ya Komunyo kila mtoto atakwenda mbele akiwa katikati ya baba na mama yake. Wenzangu walishaanza kunitazama. "Kabula, kwani baba yako ana mke mwingine Igoma?" aliniuliza Neema, niliyekaa naye benchi moja la mafundisho, kwa sauti ya mtu anayeazima chumvi.

Nilimwuliza mama, akasema nikamwulize mwenyewe. Baba hakuacha kukanyaga cherehani. "Nina kinyongo na baba yako mkubwa, mama," alisema. Aliniita mama kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. Bibi alipofariki kijijini Sengerema, upepo ulizuia vivuko siku nzima. Baba alishinda gatini upande wa mjini, na alipovuka kesho yake hadi Kamanga, kisha akafika nyumbani kwao, kaka yake alikuwa ameshazika bila kumngoja. "Nikisema nimesamehe, nitakuwa nadanganya. Na pale mbele si mahali pa kudanganya." Leo naona ukubwa wa maneno yale. Wakati ule niliona aibu tu, kwa maana kichwani mwangu watu wema walipokea na wabaya walikaa.

Ndipo nikatunga uongo. "Katekista amesema mtoto ambaye baba yake hapokei, naye hatapokea." Baba alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Alhamisi asubuhi alivaa shati la kanisani na kwenda kupanda kivuko.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa imevuka ziwa. Kwa siku mbili nilisali huku nikianza upya kila nilipokosea neno, kwa kuamini kwamba sala yenye kasoro haipandi juu. Nilipiga hesabu za kila namna. Asiposamehe, nitakuwa nimemtesa bure. Akisamehe, uongo wangu utakuwa umefanya kazi ya Mungu, na sikujua kosa la namna hiyo linaungamwaje.

Alirudi Jumamosi akiwa na jogoo na kiroba cha viazi vitamu. "Shikamoo baba." "Marahaba, mama." Alikaa kwenye kiti cha wateja. "Tumekula, tumeongea habari za mvua na ng'ombe. Kanipeleka kaburini, analifagia mwenyewe kila wiki. Anasema aliogopa maiti kuharibika. Nimemwelewa. Ila moyo bado haujalegea. Nitakwenda kwa katekista nimwombe usizuiwe kwa ajili yangu."

Machozi yalinitoka kabla ya maneno. "Hakusema, baba. Nilitunga mimi."

"Kumbe umenivusha ziwa kwa uongo," alisema, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Na huyo jogoo?" mama aliuliza kutoka jikoni. "Naye arudishwe?"

"Jogoo abaki. Yeye hana kosa." Kisha akanigeukia. "Ukienda kuungama, sema hilo moja. Usiongeze mengine ya kupendezesha." Nilikuwa na orodha ya dhambi kumi na nne, sita kati ya hizo nimeziazima kwa Neema.

Siku ilipofika nilikwenda mbele na mama upande wa kulia, na kushoto kwangu nafasi wazi. Baba alisogeza magoti tupite, akaninyooshea upindo wa gauni, akabaki. Watu walitazama. Nilitarajia aibu, haikuja. Niliona fahari kidogo, kama mtoto ambaye baba yake pekee ndiye aliyekataa kuvaa viatu vya kuazima.

Sasa nimehitimu. Natafuta kazi, na barua moja ya maombi naisoma mara ishirini kabla ya kuituma. Chuoni nilifundishwa kwamba hofu hujua kuvaa nguo za uchaji, nikacheka peke yangu darasani, maana nilikuwa nimeivaa tangu utotoni. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Juzi kwenye sala za jumuiya ya mtaani, zamu yangu ya kusali kwa sauti ilipofika, nilisema sina sala, nina hasira na Mungu kwa sababu ya kazi. Mama mmoja alisogea kwenye mkeka akaniambia, "Njoo ukae huku, mwanangu, tuko wengi."

Baba alianza kupokea nilipokuwa kidato cha pili, Jumapili ya kawaida, bila kumtangazia mtu. Hata hivyo zipo Jumapili anazobaki. Zamani ningekosa usingizi nikiwaza nini kimeharibika. Siku hizi simuulizi. Nami nikiwa sijawa tayari, nawapisha wanaopita, nasogea karibu yake kwenye benchi, na tunaimba wote wawili, yeye kwa besi inayopotea njia kila ubeti wa pili, mimi nikimfuata hukohuko.