Nilitafuta VPN ya siri yenye port forwarding, Mama akaandika kila kitu mlangoni kwa chaki

Wakuu, heshima zenu. Humu mimi ni msomaji tu, nacomment mara mojamoja jukwaa la tech. Leo nimeanzisha uzi wangu. Haya yamenikuta mwenyewe, na pale nilipofanya ujinga nitasema ni ujinga.

Juzi mdau mmoja aliuliza achague VPN gani inayolinda faragha na bado ina port forwarding. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta namkumbuka marehemu baba. Kwa hiyo nitazunguka kidogo, mnivumilie.

Mimi ni mzaliwa wa Kasenga, Uvira, Congo. Kwa sasa niko Kigoma, natengeneza kompyuta na simu. Kwetu baba tunamwita Papa, mzoee.

Papa alikuwa na studio. Nikisema studio msifikirie vioo na AC. Ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, kando ya barabara, ukutani yametundikwa magodoro ya zamani ili kelele zisiingie. Zilikuwa zinaingia vilevile. Pikipiki ikipita, kwaya nzima inaanza upya.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Kwaya zinatoka Kalundu kwa miguu, nyingine zinatoka mpaka Luvungi, ngoma zimefungwa kwenye pikipiki, akina mama wamebeba viatu mkononi visishike vumbi. Sisi watoto tunaambiwa hata chafya tukapigie nje. Kisha Papa anabonyeza kitufe na kusema maneno yake yaleyale: "Muko tayari? Mungu iko anasikia, na mashine iko inasikia."

Aisee. Natamani ile Jumamosi irudi, hata moja tu.

Mlango wa studio ulikuwa wa bati, rangi ya kijani. Kaseti ikiwa tayari, jina la kwaya linaandikwa pale kwa chaki. Simu zilikuwa hazijafika, mpita njia anasoma, anapeleka habari. Sasa Papa mwandiko wake ulikuwa haufai kabisa, hata mwenyewe alikuwa hausomi. Akawa anamwomba mwalimu mmoja wa primaire, shule ya msingi, aliyekuwa anapita pale kila siku amwandikie. Mwalimu huyo ndiye mama yangu. Ndivyo walivyoanza, wakuu, kwa chaki.

Na Papa alikuwa na sheria moja. Kaseti ya kwaya haipewi mtu mwingine, hata aje mchungaji. Zamani kuna mtu aliwahi kunakili wimbo wa kwaya ya Luvungi, ukaja kusikika sehemu nyingine kama ni wa wengine. Papa aliumia sana. Tangu hapo akawa anasema: "Sauti ya muntu ni ya mwenyewe."

Baadaye akahamishia kila kitu kwenye kompyuta. Mwaka jana akatutoka. Barabara za kwetu mnazisikia zilivyo siku hizi, sikuweza kufika kumzika. Hilo bado linaniuma, sitaki kulizungusha.

Basi, levée de deuil ikawa inakaribia, ile siku ya kumaliza matanga. Tuko watoto watano, kila mmoja na nchi yake, tukakubaliana siku hiyo zipigwe nyimbo alizorekodi Papa. Mama akanipigia: "Mashine ya baba yako iko inakohoa."

Akaweka simu karibu nisikie. Tak, tak, tak. Mafundi wenzangu mnaujua huo mlio. Diski inakufa, na kopi ilikuwa hiyo moja tu.

Nikamwambia ampelekee fundi mjini. Akakataa, haitoki ndani ya nyumba. Nikamwambia basi tuziweke kwenye cloud. Akakataa zaidi, vitu vya watu haviendi kulala kwa watu asiowajua. Kwa hiyo nilitakiwa kuzivuta mimi mwenyewe, kutoka Kasenga mpaka Kigoma, kabla diski haijazima. Na ndugu zangu waweze kusikiliza kwa kufungua link tu, maana kaka yangu mkubwa ukimwambia a-install kitu anakuwa mkali.

Hapo ndipo VPN inapoingia, ile huduma ya kupitishia mawasiliano yako kwa njia ya siri.

Nyumbani internet ni modem ya SIM. Laini za namna hiyo mnagawana IP (anwani ya mtandao) moja watu wengi, huwezi kugonga hodi kutoka nje ukafika kwenye kompyuta yako. VPN yenye port forwarding inakupa mlango upande wa barabarani: anwani, na namba ya port. (Najua kuna njia nyingine, mtaziandika chini huko.)

Ujinga wa kwanza: nikachukua ya bure. Port forwarding haina, na nilipokuja kusoma masharti yao, wameandika wenyewe kwamba wanawapa washirika wao taarifa za mtumiaji. Nikaifuta.

Mama aliniuliza swali moja tu: "Huyo mwenye kupitisha vitu vyetu, iko anasikiliza?"

Wakuu, hilo swali linatosha kuchagulia VPN. Nikatafuta ambayo haihifadhi logs, yaani kumbukumbu za unachofanya, imekaguliwa na watu wa nje na ripoti iko wazi, haikulazimishi kutoa jina lako. Zenye sifa hizo na bado zina port forwarding zimebaki chache, nyingi ziliitoa kwa sababu watu waliitumia vibaya. Nilipata moja. Sitaitaja, nisije nikaitwa wakala.

Kuinstall ilikuwa siku nzima kwenye simu. Mama na miwani yake ananisomea screen herufi kwa herufi, mimi namtajia cha kuandika. Nikikosea ananikemea: "Weye, tulia! Rudia polepole." Mwalimu haachi kazi.

Ilipokubali nikafungua faili la kwanza. "Muko tayari? Mungu iko anasikia..."

Nililia pale kibandani, mteja amekaa mbele yangu anasubiri simu yake. Akaniambia pole kaka, akadhani nimepigiwa simu ya msiba. Kwa namna fulani ni kweli.

Sasa kitu ambacho sikukiangalia: hii VPN kila ikiunganisha upya inabadilisha namba ya port. Na Uvira courant inakatika itakavyo. Umeme ukirudi, link imekufa. Nikamwambia Mama: "Kila courant ikirudi, soma namba mpya uandike." Akawa ananitumia SMS, kazi ikaendelea, faili baada ya faili, polepole maana bundle nayo ni ya kuhurumia.

Wiki ya pili nikaangalia nani ameingia. Nikakuta IP za Uganda, za Burundi, za Australia, za Marekani. Ndugu zangu ni wanne tu!

Nikajua tumeingiliwa. Nikazima kila kitu. Nikawaandikia wale wa VPN email ya matusi ambayo leo naionea aibu. Wakanijibu kwa adabu: sisi hatuhifadhi chochote, angalia ni nani uliyempa anwani yako. Nikabisha. Siku mbili nzima nimefunga.

Siku ya tatu ikaingia simu ya namba ya Uganda. Mama mmoja mtu mzima, akajitambulisha kuwa aliimba kwaya ya Luvungi, sasa yuko kambini, kambi ya wakimbizi, na namba yangu ameipata kwa watu wa Kasenga. Hata salamu hakurefusha: "Bahati, kwa nini umefunga mulango wa baba yako? Nilikuwa nasikiliza dada yangu marehemu, ukanikatia katikati."

Nikampigia Mama.

"Mama, ile namba unamwandikia nani?"

"Minye naandika ku mulango. Si ulisema niandike?"

"Mlango gani?"

"Mulango wa studio! Kuna mwingine?"

Wakuu, kila umeme ukirudi Mama anachukua kitambaa, anafuta namba ya zamani, anaandika mpya kwa chaki, mwandiko safi wa ubaoni, na juu yake majina ya kwaya: nyimbo iko tayari. Watu wanapiga picha, wanawatumia ndugu zao huko waliko.

"Na password je?"

"Nayo nimeandika. Bila ufunguo wataingia je?"

Nikakasirika, nikamwambia tumevunja sheria ya Papa. Mama akanijibu: "Mwanangu, sauti ya muntu ni ya mwenyewe. Wenyewe ndio wamekuja."

Nikarudi kwenye kompyuta. Nikatenga folda, kila kwaya na password yake, nikafungua. Kesho yake asubuhi diski ikagoma moja kwa moja.

Nyimbo nyingi nilikuwa nazo. Za Luvungi sikuwa nazo hata moja, nilikuwa nimezipanga mwisho. Zile siku mbili nilizofunga kwa kiburi zingetosha. Nikampigia Mama nikamwambia.

Yeye wala hakulia. Alitoka nje akaandika mlangoni: "Za Luvungi zimepotea. Mwenye nazo arudishe."

Yule mama wa kambini alikuwa ameshazihifadhi kwenye simu. Akazirudisha zote, moja moja. Siku ya levée de deuil tulizipiga pale kwenye chumba cha mbele, sisi watoto tukiwa kwenye simu, na kila wimbo ulianza na sauti ya Papa.

Kwa hiyo mdau uliyeuliza: tafuta isiyohifadhi logs, iliyokaguliwa, na hakikisha port haibadiliki, hasa kama kwenu umeme ni wa mashaka. Lakini kabla ya hapo jua unamficha nani na unamfungulia nani. Mimi nilijua la kwanza tu.

Mnaojua njia bora zaidi ya modem za SIM, niandikieni, hata mkinicheka sawa. Na kama humu kuna aliyewahi kuimba kwa Papa pale Kasenga, njoo PM na jina la kwaya yenu na la aliyekuwa anapiga ngoma. Ukipatia, namwambia Mama achukue chaki.