Mabega Manne ya Bi Kuruthumu

Miaka thelathini Bi Kuruthumu alinunua chumvi Uvinza akaiuza Kasulu na Kibondo, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kununua kitu kabla hajakipindua aone chini yake. Kwa hiyo mwaka wa sabini na nne, lori la operesheni ya kuhamishia watu vijijini lilipomtoa mlimani na kumshusha bondeni, kwenye kijiji kipya cha mistari miwili ya nyumba kando ya barabara, hakuitazama nyumba aliyopewa. Alitazama miti. Nyasi kavu na vijiti vilikuwa vimenasa matawini, juu kuliko kichwa cha mtu.

“Mwenyekiti, nyasi hizi zilipanda zenyewe?”

“Bibi, wataalamu wamepima.”

“Walipima kiangazi.”

Mwenyekiti wa kijiji alicheka, akamwandikia nyumba namba kumi na saba. Kurudi mlimani ilikuwa marufuku, na nyumba za huko zilikuwa zimeezuliwa mapaa.

Tatizo lilikuwa nyonga. Ilivunjika, ikaunga vibaya. Akienda hatua arobaini lazima apumzike, na mgongoni habebeki kwa sababu mguu haukunjiki. Kule mlimani hilo halikumsumbua. Kitongoji kilikuwa na machela yake ya mianzi, na kila nyumba ilitoa bega moja la kubebea wagonjwa. Sasa wabebaji wake walikuwa wametawanywa vijiji vitatu. Hapa bondeni alikuwa mgeni, mjane, hana mtoto wa kiume. Na asiyetoa bega habebwi.

Akatafuta bei.

“Nataka mabega manne,” alimwambia jirani yake Bazilio, mkubwa wa wabebaji. “Maji yakigusa kizingiti, mnanipeleka shuleni, kule juu. Na njia muizoee kuanzia sasa.”

“Bibi, machela ni ya mgonjwa. Mzima akilala humo anajiitia kifo.”

“Basi zoeeni kwa gunia. Gunia haliogopi kufa.”

Akapanda mizani ya chama cha ushirika, watu wakicheka. “Leo Bi Kuruthumu anajiuza mwenyewe!”

“Bei yangu hamuiwezi,” akawajibu.

Kilo arobaini na sita. Akajaza gunia la chumvi, kilo zile zile. Kila wakilipandisha shuleni na kulirudisha, kila mbebaji alipata kibaba chake cha chumvi. Juu ya hapo akaongeza: “Masika yakiisha nikiwa hai, nusu ya gunia ni yenu. Nikifa, hamna kitu.”

Bazilio alikuna kidevu. “Mama wewe, roho yako ngumu.”

“Roho laini haiuzi chumvi.”

Miezi mitatu wakabeba. Wakajua kila jiwe la njia ile.

Masika ya mwaka uliofuata yalikata barabara, na chumvi ikaadimika hata Kibondo mjini. Kisha mvua ikanyesha siku mbili bila kupumua. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, maji yaliingia chini ya mlango. Bi Kuruthumu alikuwa kitandani, gunia likining'inia darini kando yake. Aliita. Mvua ikaimeza sauti. Maji yakapanda miguu ya kitanda, yakalowesha mkeka. Ukuta wa udongo ukaanza kumeguka vipande. Kushuka hawezi, kupanda hawezi. Alibaki kutazama mlango.

Walikuja, maji yakiwa mapajani: Bazilio, Pasikali, Gharibu na mdogo wa Gharibu. Wakaweka machela kitandani. Kisha wakafungua kamba ya gunia.

“Mnafanya nini?”

“Chumvi kwanza, Bibi. Ikilowa imekwisha,” alisema Bazilio. “Wewe huyeyuki.”

“Kwenda na kurudi ni saa nzima. Ukuta huu hauna saa nzima.”

“Tutakimbia. Kijiji kizima hakina chumvi!”

Hapo akaliona kosa lake. Mabega yale aliyafundisha kubeba gunia, akayalipa kwa kubeba gunia. Sharti la uhai aliliweka. La nani atangulie alilisahau.

Hakuwabembeleza. Gunia lilikuwa limeshalazwa kwenye machela, karibu na mkono wake. Alichomoa kisu cha kukatia kamba chini ya mto, akalipasua toka juu hadi chini, akalisukuma. Chumvi ikamwagika kwenye maji ya matope. Pasikali akapiga yowe, akakinga kofia.

“Sasa machela ni tupu,” alisema Bi Kuruthumu.

“Tumwache huyu!” Gharibu alifoka.

Bazilio alimkazia macho. “Watu wametuona tukija na machela. Tukirudi nayo tupu, tutasema nini?”

Wakamtupia humo kama kuni. Nyonga ilimuuma njia nzima.

Shuleni walilala watu arobaini chumba kimoja, wakila maharage yasiyo na chumvi, na kila aliyeonja alimgeukia yeye. Siku nne alikaa pembeni ukutani, hana pa kugeuzia uso.

Siku ya tano Bazilio alimjia. “Mwenyekiti anasema maji yamepungua. Kila mtu arudi nyumba yake, bondeni.”

“Yangu imesimama?”

“Nusu. Anasema utaikandika.”

“Nani atanibeba kunishusha?”

“Si mimi. Wala hakuna mwingine hapa atakayekubeba, nakwambia kweli.”

“Vizuri,” alisema Bi Kuruthumu, akajiegemeza ukutani. “Kamwambie mwenyekiti hivyo hivyo, usipunguze neno. Hakuna wa kunibeba. Anipe kiwanja huku huku juu.”