Chuma cha Vitumbua Alichokitoa Twaiba Akidhani Anakufa

Je, umewahi kutoa kitu chako kwa wasia, kisha ukabaki hai ukikitazama mkononi mwa mwenzio?

Saa kumi na mbili asubuhi, Tiwi. Twaiba Mbarak, mwenye miaka hamsini na minane, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Wifi yake, Mwanatumu, anamimina rojo la mchele katika chuma cheusi chenye vishimo saba, kimoja kimepasuka ukingoni. Kwa chuma hicho Twaiba amelea watoto wanne.

"Wifi, moto mkali huo."

"Wewe kuna nazi! Mgonjwa gani huyu, mdomo haujaugua?"

Wanacheka. Kisha mkono wa Twaiba unapanda shingoni, unapapasa. Leo ni siku ya majibu.

Mwaka jana shingo ilimvimba hata ushungi ukawa haufungiki. Ikapatikana saratani ya tezi. Kabla ya kuanza matibabu, akashikwa na homa kali ya mapafu. Majirani wakaja kupeana radhi naye. Akamwita Mwanatumu: "Chukua chuma. Kisilale baridi."

Homa ikatibiwa, ikashuka. Wiki zilizofuata, uvimbe nao ukaanza kunywea.

"Nilidhani vidole vimeingia ganzi," asema. "Napapasa, sikuti kitu."

Daktari wake, Beryl Mangi, hataki kuapa. "Hutokea, ila ni nadra mno. Huenda kinga ya mwili ilipoamka kupigana na homa, ikaiona na saratani. Huenda. Na inaweza kurudi."

Mtaani wamwuliza ni mizizi gani aliyokunywa. "Sikunywa mzizi. Msije mkaacha hospitali kwa sababu yangu."

Neno hilo la daktari, kurudi, ndilo lililomfunga mdomo. "Nikidai chuma leo, kesho nikalala tena, nitamtazamaje wifi yangu?"

Saa nne, kliniki moja ya Msambweni. Daktari anampapasa shingo, kisha makwapa, kisha anarudia shingo. Anageukia picha. Mwanatumu amesimamisha tasbihi kwenye punje moja.

"Uvimbe hauonekani popote, mama. Lakini uje tena baada ya miezi mitatu. Usikose."

Nje, Mwanatumu anajifuta macho kwa ncha ya buibui. Twaiba anamshika mkono, ule wenye alama ya mafuta ya moto.

"Wifi."

"Labeka."

"Nakitaka chuma changu."