Kabla ya kununua gari dogo, Twyla aliijenga nyumba kwa mawe

Jua bado halijavuka kilima na baridi ya jangwa inauma vidole, lakini Twyla Haugen ameshapiga magoti mbele ya shimo la moto. Anachota majivu kwa koleo, anamwaga kwenye ndoo ya bati, anachambua mifupa na vizibo vya bia walivyoacha wageni wa jana. Kila baada ya koleo kadhaa anainua kichwa na kutazama upande wa lango.

Langoni limeegeshwa gari-nyumba refu kama basi la masafa, lenye michirizi ya kahawia. Twyla analitazama pazia la dirisha la nyuma. Likivutwa, maana yake mumewe ameamka. Halijavutwa.

"Huyu mwanamume ataniua kwa usingizi wake," anasema, koleo limesimama hewani.

Anachota tena. Anatazama tena. Hatimaye pazia linasogea, na mkono mwembamba unapunga nyuma ya kioo.

"Haya. Yupo," anasema, na ndoo anaibeba kama vile imepungua uzito.

Twyla, mwenye umri wa miaka 66, ni mwenyeji, yaani msimamizi, wa kambi ya magari-nyumba ya Ocotillo Wash, magharibi mwa Arizona. Kazi yake ni kusafisha vyoo, kuzoa majivu, kupokea wageni na kuwakumbusha wenye mbwa kwamba kinyesi hakijiokoti chenyewe. Analipwa dola 12 kwa saa, saa ishirini kwa wiki, na kiwanja cha kuegesha bila malipo. Majira ya joto yeye na mumewe Orrin huhamia Montana kufanya kazi hiyohiyo chini ya misonobari.

"Watu hudhani tuko likizoni," anasema. "Likizo gani ya kusugua choo cha mtu ambaye hata salamu hakupi?"

Nyumba yao ya Minot, North Dakota, waliiuza miaka kumi na tisa iliyopita. Tangu hapo gari ndiyo nyumba, na hawana nyingine.

Orrin, mwenye miaka 72, fundi mstaafu wa maghala ya nafaka, hulisimulia gari hilo kama mfugaji anavyomsimulia fahali wake. Anaapa kwamba likikata kona, pua ikiwa imeingia California, mkia bado unalipa kodi Nevada. Anaapa pia kwamba upepo wa jangwa hili uliwahi kumnyoa mbwa wa jirani upande mmoja, ikabidi wamgeuze kesho yake ili umalizie. Hakuna anayembishia. Mbwa mwenyewe hayupo atoe ushahidi.

Kiangazi kilichopita ulimi huo ulinyamaza siku nzima. Kilikuwa kiharusi. Maneno yalirudi, Twyla anasema yalirudi na jamaa zao. Upande wa kushoto ndio haukurudi sawasawa, mguu zaidi kuliko mkono. Daktari akampiga marufuku kushika usukani, na Twyla, ambaye miaka yote alikuwa msoma ramani, akakabidhiwa dude la futi 37.

"Nilitoka Montana mpaka hapa bila kulirudisha gari nyuma hata mara moja," anasema. "Sikujua. Nilikuwa naegesha kwenye vituo vya malori tu, unaingilia huku unatokea kule."

"Akikosa njia, tunalizunguka jimbo zima," Orrin anadakia akiwa mlangoni, kaegemea mkongojo. "Utah siku hizi ina mfereji kuizunguka. Ni matairi yetu yale."

Twyla hacheki.

Kwa hiyo wanapunguza ukubwa wa gari. Mume na mke kutoka Iowa wamelipenda lile refu na watakuja kulichukua Jumamosi. Fedha watakayolipa ndiyo itakayonunua dogo, ambalo Twyla anaweza kuliendesha na Orrin anaweza kuishi ndani yake. Hakuna akiba nyingine pembeni.

"Tukikosea, hatuna la pili," anasema Twyla.

Wakikosea, kuna Fargo. Binti yao, Solveig, ameshapaka rangi chumba cha chini ya nyumba yake kwa ajili ya mama. Kwa ajili ya baba ametafuta nafasi katika nyumba ya wazee, upande wa pili wa mji.

"Ana nia njema kabisa yule mtoto," anasema Twyla. "Ndiyo maana naogopa. Mwenye nia mbaya ningemjibu."

Mapema wiki hii walikwenda kwenye yadi ya magari-nyumba mjini. Muuzaji, Lamont Pruitt, kijana mwenye kofia pana na adabu nyingi, aliwaonyesha moja la futi 25. Aliminya swichi, na ukuta wa ubavuni ukasukumwa nje kama droo ya kabati, kitanda kikiwa ndani yake. Chumba kikapanuka hadi Twyla akashika kifua. Kitanda kikubwa, katikati, njia huku na njia kule.

Orrin alijilaza na viatu vyake, akaweka mikono juu ya tumbo. "Nizikeni hapahapa."

"Usiseme hivyo."

"Basi nizikeni, lakini mniache dirisha wazi."

Wakapeana mkono na Lamont: wangerudi Ijumaa kumaliza.

Sasa, Ocotillo Wash ina desturi yake. Jioni kila mtu hubeba kiti cha kukunja na kinywaji chake, watu wakakaa duara. Ukitaka kubadilisha gari unalitaja pale, na ukilitaja ni kama umetangaza ujauzito: kila mmoja ana ushauri, hata asiyewahi kuzaa.

Twyla alilitaja. Bernadine Tafoya, mjane wa kutoka New Mexico aliyeendesha basi la shule maisha yake yote na sasa anaishi ndani ya gari dogo lisilozidi kibanda cha kuku, alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza:

"Na ukuta ukiwa ndani, dada, mlilionaje?"

"Ndani wapi?"

Mtu mmoja akashusha kopo lake chini polepole, kama mtu aliyesikia habari za msiba.

"Twyla! Miaka kumi na tisa barabarani!" Bernadine akapiga paja. "Umemkagua bibi harusi akiwa na gauni na shela. Nyumbani atavua, ujue!"

Twyla anakiri kwamba lile refu lao ni la zamani, kuta zake hazijawahi kwenda popote, kwa hiyo swali hilo halikuwahi kumpitia kichwani. Lakini gari la namna hiyo halisafiri na ukuta umetoka. Upepo wa jangwa ukivuma, inabidi uurudishe ndani. Ukisimama kituo cha malori kupumzika, huna nafasi ya kuutoa. Na wao, kati ya Arizona na Montana, husimama kwenye vituo vya malori kuliko mahali pengine popote.

Kesho yake asubuhi alianza kukusanya mawe.

Hapa jangwani watu huzungushia viwanja vyao mawe, kwa hiyo mawe hayana uhaba. Alichukua vipimo alivyopewa na Lamont, akaichora ile nyumba ya futi 25 chini, nyuma ya kibanda cha taka: mlango hapa, jiko hapa, choo hapa, kitanda hapa. Orrin aliwekwa ndani na mkongojo wake na onyo kali la kutokanyaga kuta.

"Sasa tunaingiza ukuta," alisema Twyla. Alisogeza mstari mmoja wa mawe hadi ulipotakiwa kufika. Ulifika mlangoni mwa choo na kuziba.

"Nenda chooni," alimwambia mumewe.

Orrin alitazama mawe. Akatazama choo. Akajaribu kupenyeza mguu mzima, kisha mkongojo, kisha mguu ule mwingine, nao ukagoma.

"Wewe ni mfungwa, mzee," alisema Bernadine, aliyekuja na kiti chake kutazama.

"Basi niletewe chakula."

"Chakula si tatizo lako, bwana wee. Tatizo ni kitakapotaka kutoka."

Watu walicheka. Twyla alikuwa ameshainama, anayatawanya mawe yale na kuyapanga upya. Walikuwa wamepeana mkono, walibakiza sahihi tu.

Mpango wa pili ulikuwa wa kitanda cha kona, kile cha kubanwa nyuma kabisa, ukuta pande tatu. Gari la namna hiyo ni jepesi, ukuta hausogei, na bei nzuri. Ila mmoja hulala ndani na mmoja nje, na wa ndani akitaka kutoka anampanda mwenzake.

Wakatandika godoro katikati ya mawe na kujaribu mchana kweupe, kambi nzima ikiwa imeleta viti. Twyla, ambaye huamka kwanza kwenda kazini, akalala ndani. Akaanza kumvuka Orrin.

"Goti! Goti!" Orrin alipiga kelele. "Mwiteni mwenyeji wa kambi!"

"Mimi ndiye mwenyeji wa kambi!"

"Basi nimekwisha!"

Mzee mmoja alipiga mluzi. Wakabadilishana. Orrin akaingia ndani, na ilipofika zamu yake ya kutoka, ule mguu wa kushoto ulikakamaa katikati ya safari. Aliendelea kutabasamu, lakini hakusogea. Vicheko vilikufa kimojakimoja. Bernadine na Twyla walimshika makwapa wakamwinua, na watu wakabeba viti vyao wakaondoka.

Ulibaki mpango mmoja, na kila mtu aliujua. Vitanda viwili vyembamba, kimoja kila upande, njia katikati moja kwa moja mpaka chooni. Lamont analo gari kama hilo nyuma ya yadi, la zamani, rangi ya supu ya njegere, fupi kuliko yote. Hakuna mteja anayelitazama mara mbili.

Twyla aliupanga mpango huo jana kwa mawe, akautazama, akasema anakwenda kukagua vyoo. Vyoo vilikuwa vimekaguliwa tayari.

Leo, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaeleza. Tangu kiharusi, hulala unyayo wake ukigusa kifundo cha mguu wa Orrin. Akishtuka kwanza anasikiliza kwa unyayo. Kuna joto? Kunatetemeka kidogo? Basi, usingizi unarudi.

"Mguu wangu ndio daktari wake," anasema. "Miaka arobaini na mitatu hatujalala mbalimbali, isipokuwa alipolazwa. Kitanda chake kule, changu huku... ndivyo hospitali inavyopanga watu. Nimwepushe na Fargo, kisha humu ndani nimlaze Fargo?"

Orrin, akichonga kijiti kivulini mwa gari, ana habari zake pia.

"Anadhani sijui. Unyayo wake ni baridi kama samaki wa barafuni, utaachaje kujua? Mimi hujifanya nimelala." Anapuliza vumbi la kijiti. "Unafikiri kitanda kile kikubwa nilikitaka cha nini? Mimi nalala hata juu ya reki. Nilikitaka kwa ajili yake."

Kisha anainuka. Bila kumwomba mtu msaada, anaburuta vitanda viwili vya turubai kutoka stoo, kimoja kimoja, mkongojo kwapani, anaviweka ndani ya mawe. Anapima njia ya katikati kwa kile kijiti, ambacho kumbe alikuwa akikikata kwa kipimo. Analala upande wake.

"Dereva!" anaita kwa sauti ya kufukuza kunguru. "Njoo ulale!"

"Nina kazi, Orrin!"

"Kazi ipo hapa!"

Twyla anakuja na glavu zake za mpira. Viti vimeshaanza kufika, Bernadine akiwa wa kwanza. Twyla anajilaza kwenye turubai kama mtu anayelazwa kwa kupimwa, macho juu.

Orrin ananyoosha mkono wa kushoto, ule uliodhoofika. Unavuka njia, unasita, unaishia hewani. Umebakiza kama upana wa kiganja. Anajaribu tena akikunja uso, na tena.

Twyla anavua glavu. Ananyoosha wa kwake. Vidole vinamfikia kifundo cha mkono, vinazunguka, vinatulia pale kwenye mshipa.

"Unafika?" Orrin anauliza.

"Unafika."

"Basi."

"Basi nini? Nikishalala mkono utaanguka, Orrin. Nitajuaje?"

Bernadine ndiye anayevua kamba ya kuanikia nguo begani kwake, akakata kipande kwa meno.

"Fungeni mikono. Dada, ukishtuka unavuta. Naye akivuta, unalala."

"Tufungwe kama punda?" anasema Orrin.

"Punda anaaminika zaidi yako."

Wanafungwa hapohapo, Orrin mkono wa kushoto, Twyla wa kulia. Twyla anafumba macho. Anavuta. Mara ile ile kamba inavutwa kutoka upande wa pili.

"Usiwe na wasiwasi," Orrin anamwambia. "Nitavuta hata nikiwa nimekufa, ili ulale."

"Ukithubutu nitakuua."

Kesho Ijumaa watakwenda kumwomba radhi Lamont kwa mkono waliompa, kisha wamwambie awashe lile la rangi ya njegere. Kabla ya kusaini, Twyla anataka jambo moja: alirudishe nyuma yeye mwenyewe, katikati ya mapipa mawili, Orrin akiwa ameketi ndani. Akiweza, Mei wako Montana. Kiwanja chao chini ya misonobari kinawasubiri, na mameneja wa kule wameshapiga simu kuuliza kama vyoo vitapata mtu.

"Siombi miaka mingi," anasema Twyla. Bado amelala, bado ana kamba mkononi, na majivu ya shimo namba tisa yanamngoja. "Naomba msimu huu. Nikifika na yeye, nitaomba mwingine."

Anafumba macho, anavuta kamba.

Safari hii inachukua muda. Bernadine anageuka kutazama. Twyla ameshainuka nusu, mdomo wazi, ndipo kamba inapotikisika, kidogo tu, kisha kwa nguvu, mara mbili.

"Nilikuwa napiga miayo," anasema Orrin. "Hata miayo sasa iombe ruhusa?"